Kurasa Nane Alizoruka Mwalimu

Jumamosi, hapa mtaani Matisi, Kitale. Mvua haijaacha tangu asubuhi na nguo hazitakauka leo. Mimi pia sijatulia. Nina hasira tangu jana, hata chai hainishuki vizuri.

Wacha niandike kabla sijamwambia mtu neno baya.

Mimi sioni. Nafuma masweta ya shule, na siku nzima mashine ikienda, mimi niko na kitabu masikioni. Kisomaji changu ni kama redio ndogo, kina vitufe vikubwa, na nikibonyeza kimoja kinanitajia ukurasa nilioufikia. Vitabu vya Kiswahili navipata Bungoma, kwa kikundi cha watu wanaojitolea kuvisoma na kuvirekodi. Kumi na vinne vimesomwa na Mwalimu Wafula, mstaafu mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Nimeisikiliza sauti hiyo zaidi kuliko za ndugu zangu.

Wiki hii nilikuwa na riwaya ya mjane mwenye mashine ya kusaga unga, na fundi anayemtengenezea. Fundi anabisha mlango, mjane anafungua. Mara ni asubuhi, fundi anakusanya spana zake huku akilia. Nikashangaa, huyu analia nini? Nikabonyeza kitufe: ukurasa wa mia moja ishirini na moja. Nikarudi nyuma kidogo tu: mia moja kumi na mbili. Nikasema basi, kadi yenye kitabu hicho imeharibika.

Jana nikaipeleka Bungoma. Nekesa, dada anayeshughulikia rekodi, aliijaribu kwenye kompyuta na kusema kadi ni nzima. Mwalimu alikuwa mle ndani. Nilisikia akisogeza kiti karibu yangu, kisha akanieleza kwa upole kwamba zile kurasa nane aliziruka yeye mwenyewe.

"Hazikuwa za kuwasomea watu kama nyinyi, mama."

Watu kama sisi.

Nilimwuliza watu kama sisi ni akina nani. Akasema tunapitia mengi, hakutaka kutuongezea majaribu. Alikuwa akiongea kama mtu anayenivusha barabara ambayo sikutaka kuvuka.

"Mwalimu, nina watoto wawili," nikamwambia. "Unafikiri niliwaokota?"

Nikamwomba Nekesa anisomee kurasa hizo papo hapo. Mwalimu akatoka nje.

Nakiri, kwa dakika moja niliona aibu, kana kwamba nimefumaniwa. Halafu aibu ikageuka hasira. Mwenye macho ananunua kitabu hicho dukani pale Kitale na hakuna anayemwuliza kama ataweza kustahimili. Mimi nichujiwe kama uji wa mtoto?

Nekesa alianza kwa sauti ya chini, kisha akasahau kuona haya. Ndiyo, kitanda kilikuwepo. Lakini ni kitandani hapo mjane anamwambia fundi kwamba ameshauza mashine, na mwenye kuinunua ana fundi wake. Kumbe ndicho alichokuwa akililia. Nilikuwa nimemwona mjinga bure, kwa sababu kuna mtu aliamua nisijue.

Nilirudi Kitale bila kumuaga Mwalimu. Hilo halinifurahishi, lakini sijutii.

Leo mchana amenipigia simu. Hakuzunguka. Alisema amekosa, na kwamba atarekodi upya kurasa zote nane kwa sauti yake mwenyewe. Akaniuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, bado.

Kisha nikamwuliza kuhusu vile vitabu vingine kumi na vitatu.

Akasema nimpe wiki moja, ataandika orodha.

Orodha. Yaani kurasa alizoruka ni nyingi kiasi cha kuhitaji orodha.