Ulinikanda Ukiwa Nje ya Dirisha

Baba mkwe,

Usishtuke kusikia ni mimi nakusemesha. Tangu nilipoolewa hapa kwako Mpuguso hatujawahi kuongea uso kwa uso, maana kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala halitaji jina lake. Ulikuwa unakohoa kabla ya kuzunguka nyumba, nami nazama migombani na ndoo yangu. Siku moja nilijificha juu ya siafu, nawe ukasimama kumsalimu jirani na kumuulizia ng'ombe wake mmoja mmoja. Niliwaza maneno ambayo mkamwana hapaswi kumwazia mkwe.

Nakuandikia kwa sababu ya mgongo wa mama, mkeo. Siku zote za matanga yako alikaa sakafuni na waombolezaji, akainuka amepinda, ikawa hatembei bila kushika ukuta. Na mnyoosha migongo mwenyewe, uliyekuwa unaletewa watu kwa bodaboda kutoka Isongole, ndiwe tuliyekuzika. Hilo liliniliza kuliko nilivyolia kaburini.

Nikaukumbuka mgongo wangu. Mvua zilikuwa zimechanganya, nimejitwika mkungu wa ndizi, nikateleza. Sikuanguka, ila kiuno kiligoma. Kunigusa usingeweza. Ukachukua kigoda chako, ukakaa nje chini ya dirisha, mgongo umeupa ukuta, ukaanza kumwagiza mama.

"Muulize, miguu inakufa ganzi? Haja ndogo inagoma? Ameanguka?" Ukasema likipatikana jibu la ndiyo hata moja, hiyo ni hospitali, siyo mafuta. Halafu: "Shuka kidogo. Siyo mfupa, mfupa hauna kosa. Tafuta nyama iliyokaza pembeni yake. Bonyeza akitoa pumzi." Mama akakujibu kwamba yeye siyo mwanafunzi wako. Nilicheka huku nalia.

Ukamaliza kwa kuuambia ukuta kwamba mtu anayechuma chai ameinama, akirudi analima ameinama, anafagia ameinama, mgongo wake utasahau kusimama. "Ufagio wa huyu ufungiwe mpini mrefu." Kesho yake niliukuta umeegemea mlango wa jikoni. Majirani walinicheka, eti nafagia nimesimama kama askari wa zamu. Ninao mpaka leo, Baba, na mpini umelainika kwa mikono yangu.

Sasa mama. Mwanao Ambakisye alimpeleka hospitali Tukuyu. Daktari akasema hakuna palipovunjika, ni viungo kulika kwa umri na misuli kukaza. Akampa dawa, akamwambia asilale tu, atembeetembee, na kukandwa taratibu siyo vibaya. Ambakisye akamleta kijana wa Ibighi anayekunja watu mpaka mgongo unalia ko. Mama alimwangalia mikono, akamwambia anywe chai aende zake. Alitaka mkono wako, na mkono wako haupo.

Jana akaniita. "Wewe ulimsikia mzee. Njoo."

Nilipasha mafuta bila kujua nianzie wapi, kwa sababu sikuwahi kuuona mkono wako ukifanya kazi. Niliuona siku ya kukuaga tu, wazee waliponiruhusu kuingia. Ulikuwa mdogo. Miaka yote nilidhani mwenye sauti ile ana viganja kama majembe. Nilitamani kuushika, nikaogopa.

Nikamuuliza mama maswali yako yote matatu, akajibu hapana, hapana, hapana, wewe nawe. Nikafumba macho. Shuka kidogo. Siyo mfupa. Nikaingoja pumzi yake. Nyama ilikuwa ngumu kweli, na baadaye, Baba, ikaniitikia. Mama akalia, nami nikalia, lakini mkono sikuuondoa.

Alipoinuka alikwenda mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Akasimama pale, akageuka.

"Hivi siku ile mzee alikuwa anamfundisha nani," akaniuliza, "mimi au wewe?"

 Jibu lake unalo wewe, Baba.

Ndaga fijo, Baba. Asante kwa ufagio, na kwa kukohoa. Pumzika hapo migombani kwako. Jina lako sitalitaja, na kaburini nitaendelea kupita kwa pembeni kama ninavyopaswa. Ila mama nitamkanda kila jioni, na yeyote atakayekuja amepinda nitamuuliza kwanza uliyoniuliza mimi. Kigoda chako nimekirudisha nje, mahali pake. Dirisha nitaliacha wazi.

Mkamwana wako