Kuachiwa Kidogo Kidogo

Busia,
Jumatatu jioni.

Mpendwa dada Abbo,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama hapo Rubongi, na kwamba mguu umeacha kukusumbua msimu huu wa palizi. Mimi nina afya. Nakula, nalala, hata mashati yameanza kunibana. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Kwa muda mrefu umekuwa ukiniuliza kwa nini sirudi nyumbani, ilhali pombe niliacha siku nilipoingia kituoni kutibiwa. Dada, swali hilo nimemuuliza Felistus mpaka koo limekauka. Huyu ndiye mshauri wangu, mama Mkenya anayevuka mpaka kila asubuhi, na hana haraka na jambo lolote duniani.

Mwanzoni nililala ndani, geti limefungwa, simu imechukuliwa. Hilo nililielewa, maana mikono ilitetemeka hata kijiko kikaniponyoka. Mwili ulipotulia nikadhani nimemaliza. Wapi. Nikahamishiwa nyumba ya jirani pamoja na wanaume wenzangu, na kila asubuhi tukawa tunarudi kituoni kukaa kwenye viti vya plastiki na kuzungumza hadi jioni. Kuzungumza nini kila siku? Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni malori, si kueleza nilivyojisikia alipokufa baba. Tena mwenzangu wa chumba, Kevo, hukoroma na kulia usingizini, kwa zamu.

Baadaye Felistus akaniruhusu nirudi kazini mchana, kwa sharti kwamba jioni nifike kituoni. Nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea. Akajibu kwamba hakuna aliyesema hivyo, ila ulinzi dhidi ya ugonjwa huu hupunguzwa kidogo kidogo, hauondolewi siku moja. Upole wake unaniudhi kuliko kelele zako.

Basi, wiki iliyopita akasema sasa niende nyumbani, niwe namwona mara moja tu kwa wiki. Ndipo nilipokupigia, nawe ukaanza kutafuta mbuzi na kualika kwaya kwa sherehe ya kunipokea Jumamosi hii. Yaliyofuata sikukwambia.

Kesho yake nilimaliza karatasi za lori la Ikwap, dereva ninayemhudumia miaka mingi. Kwa furaha akanitumbukizia chupa ndogo ya waragi, ile pombe kali, mfukoni mwa koti. Hakujua. Sikuinywa, dada. Lakini sikuitupa pia. Nilitembea nayo mchana kutwa, mkono mfukoni, nikiwajibu watu bila kusikia wanachosema. Nilipoona miguu inaelekea nyuma ya maghala, nilikozoea kujificha na kunywa, niligeuka nikaenda kituoni, nikaiweka mezani kwa Felistus.

"Nirudishe ndani," nikamwambia. "Ufunge geti."

Akaitazama chupa, haijafunguliwa. "Geti hulihitaji tena, Allan," akasema. "Umekuja kwa miguu yako. Rudi kwa kina Kevo, na jioni uwe unakuja hapa. Ya nyumbani tutajaribu tena."

Yaani nilipotaka kutoka alinizuia, na nilipoomba kufungiwa akakataa. Nilikasirika, kisha nikalia mbele yake jinsi ambavyo sikulia kwenye mazishi ya baba.

Kwa hiyo siji Jumamosi. Mbuzi muache ale majani. Watu wa kwaya waambie utakavyo, ila usiwaambie nimeshindwa, kwa sababu sijashindwa. Nimerudi ngazi moja, na ni mimi niliyeomba.

Jumapili ndugu huruhusiwa kututembelea. Tangu nije, hakuna aliyekuja kwangu. Mimi na Kevo huwapangia viti wageni wa wengine. Njoo, dada. Usije kunichukua. Njoo ukae tu.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Oketcho Allan