Picha ya Bi Nunuu Akicheza

Mji Mkongwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje baada ya zile sindano? Na paa la jikoni, fundi ameshalimaliza au bado anakupiga kalenda? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Urojo wa huku umefanya sketi yangu ya bluu isifunge. Naandika kwa mkono kwa sababu hicho kitochi chako hakipokei hata salamu ndefu, sembuse picha.

Kazi zipo, alhamdulillahi. Mwezi huu nilikwenda Matemwe kuwapiga picha akina mama wanaolima mwani baharini. Nimetoa kamera tu, mmoja akaniambia, "Shika kamba kwanza, mwanangu, picha baadaye." Basi nikafunga mwani kwenye kamba asubuhi nzima, maji ya magotini, vidole vikakunjamana. Nilipokuja kuinua kamera hakuna aliyejikaza tena, walikuwa wanataniana tu. Picha zilitoka nzuri ajabu.

Lakini kilichonikalisha kuandika ni harusi ya binti wa Bi Zuhura, jirani yangu hapa mtaani. Huku sherehe ya wanawake haiingii mwanamume, na simu zote hukusanywa mlangoni kwenye kikapu. Kamera huwa moja tu, yangu. Humo ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa, watu wanacheza wanavyotaka. Kwa hiyo mpiga picha wa kike anakula kwa uaminifu wake. Ikivuja picha moja, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango tena, na mimi sitakuwa na la kufanya ila kurudi huko Tabora.

Sherehe ilipokwisha Bi Zuhura alichukua kadi ya kamera, akaifungia kabatini. Kesho yake nikaenda kuzirekebisha picha sebuleni kwake, mashangazi na makhalati saba wamenizunguka. "Hebu nipunguze hapo tumbo." "Mie nifanye mweupe, lakini si sana, watu watanistukia." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nikamwekea Bi Zuhura picha zote kwenye simu yake, kwangu sikubakisha hata moja.

Siku ya tatu asubuhi naitwa mbio kwa Bi Zuhura. Nafika, namkuta Bi Nunuu, shangazi wa biharusi. Huyu ni mwalimu wa madrasa, watoto wakimwona hunyamaza wenyewe. Kumbe picha yake imeonekana mjini: kanga kiunoni, mikono juu, anacheka meno yote nje.

"Weye Mbara," akaniambia, "sisi tumekuvulia buibui, weye umetuvulia heshima."

Nikaapa, nikalia kama mtoto.

"Usinilie! Hata muuza samaki wa Darajani kaiona! Kanipigia makofi mbele za watu!"

Hapo akili ikanirudi. Nikajifuta machozi, nikasema, "Bi Nunuu, mimi huyo muuza samaki simjui. Humu ndani nani ana namba yake?"

Biharusi akamgeukia mama yake taratibu, maana anayeagiza samaki kwa simu ni Bi Zuhura. Simu ikachukuliwa, ikafunguliwa. Picha ile ile, imebandikwa kwenye stetasi yake tangu jana, na chini ameandika, "Dada, mtazame Nunuu wetu!"

"Mie nlimtumia dada yangu kule Muskati!" Bi Zuhura akapiga ukelele.

"Umemtumia dada, na muuza samaki, na fundi bomba, na Unguja nzima," biharusi akamjibu.

Lahaula! Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Zuhura alijifunika kanga usoni, kisha akanishika mikono yote miwili, akaniomba radhi mbele ya wote. Na mimi nikacheka na machozi bado yananitoka.

Bi Nunuu peke yake hakucheka. Alisema isifutwe kwanza, akaomba simu, akaitazama ile picha muda mrefu.

"Tangu bwana wangu atangulie mbele ya haki," akasema, "mie nlidhani kicheko changu nacho kimezikwa."

Kisha akanigeukia. "Niwie radhi, mwanangu. Nichapishie moja, kubwa. Ntaibandika ndani ya mlango wa kabati langu, niwe naiona mwenyewe." Na harusi ya binti yake baada ya Iddi amenipa mimi, ameshawatangazia wote.

Niliporudi chumbani nilizipekua picha zetu za nyumbani. Mama, yako ninayo moja tu, ile ya kitambulisho, umekaza uso kama uko mahakamani. Nimewapiga picha wanawake wa kisiwa kizima wakicheka, na ya mama yangu mzazi akicheka sina hata moja. Nimeona aibu kubwa.

Nisalimie dada mkubwa na wanafunzi wake, umpe bibi shikamoo yangu, na jirani yetu mshona nguo mwambie sijamsahau. Baba Mdogo naye msalimie sana, tena umwambie nakuja Iddi na kamera, aanze kuvipanga vile visa vyake vya uongo. Yeye atakuchekesha, mimi nitakupiga picha.

Akupendaye daima, mwanao,
Tatu