Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Bibi yangu, shikamoo ya kutoka Mbuchi,

Joto la huku usiulize! Jana mwenyeji wangu, Bi Mwanahawa, na dada yake walikuwa wanatwanga mpunga kwa kupokezana katika kinu kimoja, nami nikajitia na mchi wa tatu. Mwanzo nilihesabu kimoyomoyo, nikawa nagonga michi yao, wakacheka hadi machozi. Nilipoacha kuhesabu, mikono ikajiendea yenyewe. Mimi, niliyezoea mashine!

Bi Mwanahawa akauliza, "Utotoni ulibebwa na nani?"

"Na bibi, huku akitwanga mahindi."

"Basi ulijifunzia mgongoni."

Mgongo bado unakuuma? Pole, kipenzi changu. Tumekula wali wa nazi mtamu ajabu, na mchele wake nusu umeutwanga wewe.

Mjukuu wako,
Neema