Kunyoosha uso wa mama mukwe

Jumatano. Mvua imekatika, ziwa linanuka dagaa na mazuti ya mashua.

Nisamehe, shajara yangu ya mtandaoni, nimekuacha muda mrefu. Neema anaota meno. Mukono mumoja unamubeba, ule mwingine njo unafanya kazi. Sasa amelala mugongoni, naandika.

Jumamosi tunaondoa matanga ya mama mukwe. Foto kubwa itasimama mulangoni, wageni waisalimie kabla ya kutusalimia sisi. Foto yake ni moja tu, iko ndani ya kadre ya mbao na kioo, ukutani kule Ankoro. Bwana yangu aliipiga na simu akiwa pembeni, kabati lilimuzuia. Basi mama amekwenda upande kama mulango uliofunguliwa nusu.

Watu wa nyumbani waliniambia kuinyoosha haiwezekani. Mimi ninachapa foto hapa karibu na bandari, najua inawezekana. Unaonyesha ordinateri, ile kompyuta yangu, pembe ine za kadre, unaiambia kila moja inapashwa kukaa wapi. Inahamisha kila nukta, mpaka foto inakuwa kama imepigwa kutoka mbele kabisa.

Ikanyooka. Nikamuita bwana yangu. Akaangalia, akauliza:

"Mama Neema, huyu mwembamba ni nani? Umemunyima mama yangu bukari?"

Nikacheka, lakini iliniuma. Mama alikuwa na mashavu. Nilipobeba mimba, alikuwa ananipakulia bukari, ugali wetu, kubwa kuliko yake.

Kosa ni langu. Nilifuata upana ule unaoonekana kwenye simu, na kitu ukikitazama kutoka pembeni kinapungua upana. Ordinateri inatii tu: ukiipa kipimo cha uongo, inakurudishia mutu mwembamba, amenyooka vizuri.

Tena mwanga wa dirisha uliopiga kwenye kioo umefunika jicho la kushoto. Bwana yangu anasema nikopi lile la kuume, nilibandike hapo.

"Papa Neema, sitamuchongea mama yako jicho."

Foto ingine, ikipigwa kutoka upande ule mwingine, mwanga utaangukia kwingine. Nitainyoosha pia, niilaze juu ya hii, pembe kwa pembe. Jicho lake mwenyewe litarudi pahali pake.

Nimechoka, lakini naweza.

Basi Mama Faida, dada ya bwana yangu kule Ankoro, najua unanisoma kimya kimya. Nitumie upana na urefu wa kadre, ndani ya mbao, kwa mita ya fundi, si kwa shubiri. Foto moja, umesimama upande wa dirisha, bila flashi, pembe zote ine zionekane. Usiifungue kuipangusa, karatasi imegandamana na kioo.

Vyote kabla ya Ijumaa. Mama atasimama mulangoni na mashavu yake.