Bwana Mifugo na Kifua cha Mkewe

Kasulu, Jumatano, Juni 1996

Sijui nilijizuiaje kumfukuza. Bwana Mifugo kaja zahanati na mkewe Yudita, na karatasi aliyoichana kwenye gazeti la Nairobi. Anataka nimfafanulie njia zote za kukuza matiti kwa upasuaji. Ya mkewe, si yake. Yudita alikaa kwenye benchi akitazama sakafu.

Nikaeleza, maana kazi ni kazi. Kuna mfuko wa silikoni na kuna wa maji ya chumvi. Unawekwa nyuma ya titi au chini ya msuli. Unaweza kupasuka, chuchu ikafa ganzi, na baada ya miaka huenda akapasuliwa tena. Nikajaza maji kwenye glavu, nikampa aone. Mwanaume mzima akaibinyabinya kama anakagua ng'ombe wa maziwa.

"Upi unadumu, Sista?"

Mpumbavu. Hata mara moja hakumgeukia mkewe.

Nikamtuma dirishani akachukue kadi. Alipotoka, nikamuuliza Yudita yeye anataka nini.

"Sitaki kitu, Sista. Nina mimba ya miezi miwili. Yameshaanza kujaa yenyewe."

"Na hujamwambia?"

"Kwetu mimba changa haitangazwi." Akatabasamu kidogo. "Halafu namwacha kwanza amalize kuuliza."

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani ndipo nikawaza: mtoto ataacha kunyonya, matiti yatalala, na ile karatasi bado iko mfukoni mwa yule bwana.