Sombe ya Christella kwenye Sufuria Yangu

Shangazi Gahongayire mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimejiingiza mwenyewe na sioni pa kutokea. Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nyumba ambayo mama akifunua sombe, kisamvu chetu, mtaa mzima unajua, na tangu nije Kigali miaka kumi na minane iliyopita hamu yangu ni hiyo tu, watu wangu wazunguke sufuria moja, lakini mume wangu Keith, aliyekulia Mbarara, anajaza sahani ya melanji, ule mchanganyiko wa kila chakula wa mgahawani, karibu na kazini na kurudi ameshiba, binti yetu Gwiza anaagiza chipsi kwa simu, pikipiki inamletea mpaka getini, na kaka yake Arthur anakula mayai ya kuchemsha kwa sababu ya mazoezi yake, nami nawaambia nimetwanga tangu saa nane na hawasikii, sombe inapoa, nakula peke yangu nimesimama.

Jumamosi moja nilikata tamaa nikapita Gisozi kwa Christella, Mrundi anayewapikia mafundi seremala, nikachukua sombe yake ya mawese, ileile ninayopika mimi, nikaimimina kwenye sufuria yangu, nikaoga, nikavaa kitenge, nikawaita, nikaketi nao. Tulicheka mpaka Gwiza akasahau simu. Keith akasema, "Mama Gwiza, leo chakula iko sawa kabisa, ulikuwa unatuficha nini?" Nilitamani kulia. Nimerudi kwa Christella kila Jumamosi, na sasa Keith amemwalika mama yake atoke Mbarara aje Jumapili hii aonje mkono wangu. Nikipika mwenyewe naogopa watarudia chipsi zao. Nikinunua, nitamdanganya mama mkwe.

Liliane, Kagugu

Liliane mwanangu, pole, na sasa nikugombeze. Nguo ya kuazima haisitiri, nawe umeivaa mwezi mzima.

Soma tena barua yako. Unasema sombe ni ileile. Basi Christella hakukushinda kwa mawese. Siku ile ulioga, ukawaita, ukaketi. Siku nyingine unasimama mlangoni unawahesabia saa ulizotwanga, na nani atatamani chakula cha kulaumiwa? Wao nao wana makosa, sikatai, na huyo Gwiza simu yake ikae chumbani wakati wa kula.

Fanya hivi. Leo hii mwambie Keith ukweli, kabla mama yake hajapanda basi. Atanuna, mwache anune. Jumamosi toa kinu uani na mchi umpe Arthur, si anatafuta misuli? Gwiza achambue maharage. Ukichoka, sema umechoka, usisubiri waotee.

Lakini kuna jambo limenichoma zaidi. Miaka kumi na minane unamlisha Keith utoto wako wa Buyenzi. Wake umewahi kumuuliza? Kule Mbarara wana eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, na kijana aliyekulia huko hawezi kuusahau. Huenda naye anakula melanji kwa sababu hakuna anayemwuliza alikuwa anakula nini kwao. Mama mkwe akishuka, usimwekee kiti sebuleni. Mpeleke jikoni akufundishe.

Jumapili weka sombe yako na eshabwe yake, sufuria mbili. Kisha mtazame mumeo anapoonja ile ya pili. Utamjua ni nani, kwa maana uso huo unao wewe ukionja sombe.